Nukta za Verna

...na kalamu yenyewe kanunua mpya, eti kwa ajili ya shughuli hii, kalamu nzito ya wino mweusi, kaiweka juu ya barua, barua kaiweka mezani kati ya sahani yangu ya mayai na chupa ya sosi ya nyanya, kaigeuza inielekee mimi, halafu kaegemea nyuma na kukunja mikono juu ya tumbo lake, Rusty huyu, Rusty Ochsner, mdakaji wangu wa miaka sita kwenye timu ya besiboli pale Akron, ananitazama kama muuguzi anayesubiri umeze kidonge, "Saini hapo chini tu, Del, nafasi yako tumekuachia," wameniachia nafasi, asanteni sana, majina ishirini na mawili na pengo moja, wachezaji wote wa ile timu ambao bado wanapumua wamesaini isipokuwa Delbert Kuzma, na kamati inakaa Jumatatu, na barua inasema sisi tuliocheza chini yake tunaomba Harlan Prewitt apewe bamba lake la shaba ukutani kule Cooperstown, kwenye Jumba la Heshima, kwamba ameadhibiwa vya kutosha, kwamba kosa lake halikumuumiza yeyote kati yetu... halikumuumiza yeyote kati yetu, nani kaandika sentensi hii, nani kakaa chini na akili zake timamu akaandika hivi, "Nani kaandika hii?" namuuliza, "Mkwe wangu, ni wakili, kaandika vizuri eh?" kaandika vizuri, ndiyo, herufi zimenyooka, na mimi ninaishika kalamu kwa mkono wa kulia, mkono huu ambao haupandi kupita bega, mkono ambao sijachania nywele nao tangu nina miaka thelathini na moja, halikumuumiza yeyote, ebo!

"Na bila wewe haina uzito," anasema, hilo analijua na mimi ninalijua, wale wengine ni wengine, mimi ndiye nilikuwa mrushaji wa mwisho, yule anayeitwa mchezo ukiwa umebana, wakiliona jina langu watasema kama Kuzma mwenyewe kasamehe sisi ni nani, ndiyo maana kaendesha gari saa mbili kwenye theluji, si kwa ajili ya mayai, "Nahodha yuko kwenye mashine ya hewa, Del, huko Sandusky, ukimwona humjui, kilo hamsini labda, juzi kanishika mkono kaniuliza, Kuzma kasema nini?" Nahodha, hata sasa tunamwita Nahodha, hakuna aliyewahi kumwita meneja wala Harlan wala bwana Prewitt, na mimi, Mungu anisamehe, nikilisikia hilo jina bado mgongo unataka kunyooka wenyewe, maana nilimpenda kabla sijamjua, nilimpenda nikiwa na miaka tisa nimekaa juu ya gari bovu la baba yangu na redio, yeye akiwa bado mchezaji, mlinzi wa katikati, hakuna mpira uliompita, ulikuwa ukipigwa chini unasikia mtangazaji anavuta pumzi na halafu anacheka, Prewitt kaupata, Prewitt katoka wapi, kwa hiyo usije ukaniambia mimi kwamba hakuwa fundi, glavu yake ile wakiiweka kwenye kioo nitakwenda kuitazama nitoe kofia, glavu sina ugomvi nayo.

"Na mle ndani nani msafi?" Rusty anahesabu kwa vidole, kuna mlevi, kuna aliyempiga mke wake, kuna yule aliyekataa kucheza na watu weusi, wote wana mabamba, watoto wanapiga nao picha, "halafu siku hizi, bwana wee, uwanja wenyewe una tangazo la kubeti ukutani, kubwa kama ghorofa! Unakaa pale na simu yako unabeti mrusho unaofuata, na ligi inakula mle mle, na Nahodha ndiye mwizi?" Na hapo ana hoja, laiti angekuwa mjinga kabisa ingekuwa rahisi, hapo ana hoja na inaniudhi kuwa ana hoja, "Tena hakubeti tushindwe, Del. Hata mara moja. Alibeti tushinde! Sasa kutaka timu yako ishinde ndiyo dhambi gani?" anasema na kupiga meza, kijiko kinaruka, Marcy, mhudumu wa mgahawa, anageuka na birika lake, "Mnagombana huko?" "Tunapendana, mama," Rusty anamjibu, na ananigeukia, "Dhambi gani?" na mimi natafuna mayai, maana nikifungua mdomo sasa hivi nitammwagia hii kahawa.

Alibeti tushinde, ningekuwa na senti kila nikisikia hilo ningemiliki uwanja mzima, watu wa redio wanalisema, kinyozi wangu analisema, padri wangu kalisema, alibeti tushinde, kana kwamba mchezo ni huu wa leo tu na kesho hakuna, sisi tulikuwa na michezo mia moja sitini na miwili kwa msimu, mkono ni mmoja, meneja mwenye akili siku nyingine anaachia mchezo, anasema leo tumeshindwa tayari, Kuzma alale, tutamhitaji Ijumaa, hiyo ndiyo kazi ya meneja, kujua lini kuacha, na mtu mwenye dola elfu mbili juu ya mchezo wa leo hawezi kuacha, hata tukiwa nyuma hawezi, simu ya kizimbani inalia... kile kizimba chetu nyuma ya uzio wa kushoto, warushaji wa akiba saba kwenye benchi, mbegu za alizeti, maneno machafu, na simu nyeusi ukutani, ikilia wote tunanyamaza, na kocha anaweka mkono juu ya mdomo wa simu na kusema, "Kuzma, amka," na Kuzma anaamka, anavua koti, anarusha kupasha mkono moto, si kurusha kwa mchezo, unarusha kama vita, ishirini, thelathini, mpaka bega linawaka, halafu simu inalia tena, "Kaa chini, Kuzma," hutaingia leo, unakaa, unavaa koti, jasho linakupoa mgongoni, na baada ya vipindi viwili, simu, "Kuzma, amka," na mipira hiyo yote, sikilizeni enyi wenye takwimu, mipira hiyo haiandikwi popote, hakuna kitabu, hakuna kompyuta, ukifungua rekodi yangu leo utaona Jumanne Kuzma hakucheza, Jumatano Kuzma hakucheza, utasema huyu alipumzika vizuri, kwa nini aliumia Alhamisi, labda mzembe, labda mnywaji.

Ila Verna aliandika. Verna mke wangu alikuwa na kitabu chake cha mchezo kama wanawake wengi wa kwetu, penseli nyuma ya sikio, kila mpigaji, kila mrusho, kiti chake kilikuwa nyuma ya kituo cha tatu na kutoka pale kizimba anakiona chote, na kila niliposimama kupasha mkono alitia nukta pembeni mwa ukurasa, nukta moja ndogo kila niliposimama, hata nisipoingia, alinifanyia mimi, hakumfanyia mtu mwingine yeyote, na jioni moja kwenye gari akasema taratibu, "Del, leo umesimama mara tatu na hukuingia, na juzi mara mbili," na mimi nikamjia juu, nikamwambia nisikilize, usinifundishe kazi yangu, Nahodha anajua anachofanya, akatazama dirishani mpaka nyumbani, na hakusema tena, lakini nukta aliendelea kutia, miaka yote ile, kimya kimya, na mimi kichwa maji nikiona ni mchezo wa kike... anisamehe, miaka miwili sasa tangu tumzike na sijapata mtu wa kunifunga tai, mkono wa kulia haufiki, Jumapili kanisani navaa ile ya kubana kwa kibanio kama mtoto.

Jumapili iliyopita ndipo nilipofanya hili, baada ya kanisa, baada ya Rusty kupiga simu kusema anakuja na barua, nilishuka chini kwenye mashine ya kufulia, nikaitoa ile ripoti ya wapelelezi wa ligi waliomchunguza Nahodha kwa kamari, kurasa zile zenye tarehe, kila siku Nahodha alipompigia simu yule mpokea dau wake wa Youngstown na kubeti, miaka yote hii sikuwahi kuisoma, nilikataa, niliona ni usaliti kuisoma, nikaiweka juu ya kifuniko cha mashine, na pembeni nikaweka vitabu vya Verna, na nikaanza, tarehe kwa tarehe, kidole huku kidole kule, tano Mei kabeti, nukta mbili, sita Mei kabeti, nukta tatu, saba Mei hakubeti, hakuna kitu, ukurasa mweupe, nane Mei kabeti, nukta mbili, na Juni hivyo hivyo, na nilipofika katikati ya Juni sikuhitaji tena ripoti, nilikuwa naangalia nukta tu na kusema kwa sauti, hapa alibeti, na nikitazama, alibeti, mshenzi yule, nimesimama peke yangu na soksi chafu nasema kwa sauti, mshenzi yule, bega langu lilikuwa karata yake, na kila masika kule Florida, kwenye mazoezi ya kabla ya msimu, kanuni ya kamari ikisomwa kwenye chumba cha kuvalia, ile iliyobandikwa kwenye kila mlango wa kila timu, beti kwenye mchezo wako na hutarudi maisha, ni nani aliyeisoma kwa sauti, yeye, akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akasema, "Kuna mjinga yeyote hakuelewa?" na sote tukacheka.

Na pamoja na hayo, hapa ndipo nilipo, hapa ndipo ninapojichukia, pamoja na hayo nimekuja hapa asubuhi hii nikiwa nusu nataka kusaini, kwa sababu ya siku moja, tarehe kumi na saba Julai, siku moja kati ya zote, tulikuwa tumemzika baba yangu asubuhi huko kwetu Barberton, nikatoka makaburini nikaenda moja kwa moja uwanjani maana sikujua pa kwenda kwingine, nimekaa mbele ya kabati langu na suti nyeusi na viatu vyenye udongo, na Nahodha akatoka ofisini kwake, akaja, akaniwekea mkono shingoni, mkono ule mkavu wenye sugu, akasema, "Leo hupashi moto, mwanangu. Leo kaa na baba yako," na nilikwenda kwenye njia ya chini ya majukwaa nikalia kama sijawahi kulia, nikapumzika usiku ule, tukafungwa tisa kwa mbili na simu haikulia, na miaka miwili baadaye wapelelezi walipoketi mbele yangu na kalamu zao nikawaambia mtu huyo ni baba yangu wa pili, nikawaambia waandishi wa habari vile vile, nikasema yule ni mtu aliyenipa siku ya kulia, na mkono ulipokufa, nikapasuliwa mara mbili, nikarudi nyumbani kuuza milango ya gereji, miaka ishirini na sita nauza milango ambayo mwenyewe siwezi kuiinua, nilikuwa nikijiambia angalau ile siku, na Jumapili nilipofika tarehe kumi na saba Julai juu ya mashine ya kufulia niliogopa kutazama, nakiri, niliogopa, na nikatazama, na Verna hakuwa ametia nukta, na ripoti inasema siku hiyo hakubeti, nikakaa kwenye ngazi, nikasema unaona, unaona, kwa ajili ya baba yangu aliiacha hata kamari, siku moja alikuwa mtu, na mtu aliyekuwa mtu hata kwa siku moja huwezi kumnyima bamba akiwa kilo hamsini, ndivyo nilivyofika hapa, ndivyo kalamu ilivyofika mkononi.

"...kama angepata simu," Rusty anasema, anacheka, mate na mkate, sijui ameanzia wapi, nilikuwa mbali, "simu gani?" "Si nakwambia! Ile siku ya dhoruba, hukumbuki? Mchana ule upepo uliangusha nguzo mtaa mzima, taa za uwanja zinawaka lakini simu za nje zote zimekufa, na Nahodha ofisini anazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, ananiita, 'Ochsner, kimbia nje unitafutie simu, nampigia dada yangu,' dada yake! Nimevaa sare, Del, na kinga za miguu, nakimbia barabarani watu wananipigia honi, kituo cha mafuta hakuna, duka la dawa hakuna, narudi namwambia Nahodha hakuna simu Akron nzima, akalipiga teke pipa la maji likaenda mpaka bafuni!" anajifuta macho, anacheka kwa mapenzi, maskini, anamkumbuka kwa mapenzi, na mimi namuuliza, sauti yangu naisikia iko sawa kabisa, ya mtu anayeomba chumvi, "Siku gani hiyo, Rusty?" na ananitazama kwa huruma, anashusha sauti, "Aa, wewe huwezi kukumbuka, ndugu yangu, siku hiyo ulikuwa na yako. Ndiyo siku mliyomzika mzee. Nilirudi na kinga zangu nikakukuta pale kabatini na suti," na anakata kipande cha nyama.

Siku ile. Pipa la maji, kisha mlango wa ofisi, kisha mkono shingoni, kwa hiyo mguu ule ule uliopiga pipa ndio ulionijia, kwa hiyo alisimama mlangoni na hasira zake, hana dau, mchezo wa bure, mchezo usio na faida kwake, akatazama chumbani kuona nani hana kazi naye leo, akaniona mimi... kaa na baba yako, mwanangu, loo, na aliona vizuri kabisa machozi yangu, tena huenda yalimpendeza, huenda mwenyewe aliamini, huenda akaenda ofisini akajiona mwema, hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, labda alikuwa na huruma ya kweli, anayo tele, anaitoa siku ambayo haimgharimu kitu, na kama nguzo ile isingeanguka, kama pangekuwa na simu moja nzima Akron, moja tu, pale dukani kwa mwuza dawa, ningeamka, suti chini sare juu, udongo wa kaburi bado uko kwenye viatu, "Kuzma, amka," mara mbili, mara tatu, na Verna kwenye kiti chake na gauni lake la msiba angetia nukta, na mimi nimeishi miaka karibu arobaini juu ya nguzo ya simu iliyoanguka, niliwaambia wapelelezi, niliwaambia waandishi, nilimwambia binti yangu wakati wa kulala kama hadithi, na Verna nikamwambia usinifundishe kazi.

"Basi?" Rusty anasema, "Del? Mayai yatapoa," na Marcy amefika na birika, "Nikuongeze, baba?" ndiyo, niongeze, anamimina, moshi unapanda, nje theluji ni ile ile na gari la Rusty limeegeshwa pale pale, barua iko pale pale, pengo liko pale pale, mstari mtupu kati ya Kostelnik na Leland Oakes, na mimi sina hasira ya kupiga meza tena, ile ya kupiga meza imekwisha, imebaki hii nyingine, imetulia, ina macho, nasema moyoni, glavu wekeni, glavu ilikuwa yake, aliipata kwa jasho lake, lakini mtu mwenyewe na maneno ya shaba, eti meneja mpendwa wa wachezaji wake, hapana, si kwa mkono huu, ng'o, mkwe wako atafute sentensi nyingine, na ninaishusha kalamu, ncha yake naigusisha pale kwenye mstari, mwanzoni kabisa, naibonyeza, naiinua, nukta moja, ndogo, nyeusi, Verna alitumia penseli ili aweze kufuta, hii haifutiki.

"Naam!" Rusty anapiga makofi, "Umeanza, mzee, malizia!" nasema nimemaliza, anainama anatazama karatasi, ananitazama mimi, "Hii nini? Del, hii ni nukta," nasema ndiyo, ni nukta, wapelekee hivyo hivyo Jumatatu na wakiuliza niite, nitakwenda na vitabu vya mke wangu, na ninaifunga kalamu yake na kumrudishia, na kahawa bado ina moto.